Kadi ya Maktaba Iliyojua Kusahau

Hebu nianze na swali dogo. Ukiazima kitabu maktabani, ukakisoma, ukakirudisha siku uliyoambiwa bila doa wala faini, ni nani anajua kwamba ulikisoma?

Wengi wetu tutajibu haraka: mkutubi anajua, kompyuta inajua, labda na yule jamaa aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni. Hilo ni jibu la leo. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa "hakuna", na sababu yake ilikuwa jinsi kadi mbili za karatasi ngumu zilivyopangwa kwenye trei ya mbao. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na hifadhidata ndizo mkate wangu wa kila siku. Kadiri ninavyoichunguza ile trei ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wazee wale walitushinda katika jambo moja: mtambo wao ulijua kusahau.

Leo nataka tuitazame historia hiyo kutoka huku kwetu, Kitale na Bungoma. Sababu ni kwamba huku watu wamewahi kuandikwa majina kwenye karatasi za serikali na wakalipia, kwa hiyo suala la nani anaandika nini juu yako si la kufikirika tu.

Tuanze Kitale. Reli ilifika pale mwaka 1926, na mji ukawa kitovu cha mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia. Mwaka huohuo wa 1926 mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, alianzisha jumba lake la makumbusho. Alikusanya wadudu, ndege, wanyama, vifaa vya kienyeji na vitabu hadi alipofariki mwaka 1966, akaviusia taifa. Mwaka 1974 mkusanyiko huo ukapata nyumba mpya, ambayo ndiyo Makumbusho ya Kitale tunayoyajua leo. Kwa hiyo vitabu Kitale vilikuwapo zamani. Swali lilikuwa ni nani aliyeruhusiwa kuvishika.

Kwa Nairobi jibu limeandikwa waziwazi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, jengo zuri lenye simba wa mawe mlangoni, na kwa zaidi ya robo karne ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hadi mwaka 1958 kanuni ya kwanza ya kuazima kitabu pale ilikuwa rangi ya ngozi. Baadaye ndipo zilipofuata zile kanuni nyingine za siku ngapi na faini kiasi gani.

Sasa linganisha na mtu aliyetoka sehemu ambazo leo ni Kaunti ya Bungoma kwenda kufanya kazi kwenye shamba la mlowezi Kitale. Kadi ya maktaba hakuwa nayo. Lakini kadi nyingine alikuwa nayo, tena ya lazima: kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, alama za vidole, majina ya waajiri, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuachishwa na mshahara.

Ukikiangalia kwa jicho la mwandika programu, kipande kilikuwa jedwali la kuongeza tu. Kila mwajiri aliongeza mstari wake, na mwenye kipande hakuwa na ruhusa ya kufuta hata nukta. Mwajiri aliyekuchukia hakuandika sahihi ya kukuachia, na hapo ukawa mtoro machoni pa polisi kila kituo ulichofika. Mwaka 1947 serikali ilipitisha sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kile cha shingoni kikaondoka. Jina lake lakini halikuondoka. Hadi leo utamsikia mtu akikiita kitambulisho chake kipande.

Nimekitaja kipande kwa makusudi. Ndicho mfano wa kwanza wa data za watu wengi katika nchi hii, na kilitufundisha kwamba rekodi isiyofutika ni kamba. Mwenye kuishika anaweza kukuvuta siku yoyote.

Haya, turudi kwenye vitabu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilianzishwa East African Literature Bureau, iliyoanza kazi mwaka 1948. Pamoja na kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine, ilituma masanduku ya vitabu mashambani na kuwaazimisha wasomaji wa mbali kwa njia ya posta. Kisha ukaja uhuru. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuunda bodi ya Huduma za Maktaba za Kitaifa, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake KNLS, na mwaka 1967 ikaanza kazi. Kwa mara ya kwanza kanuni za kuazima zikawa zilezile kwa kila raia: jiandikishe, lete mdhamini, chukua kadi zako, rudisha kwa wakati.

Na hizo kadi ndizo ninazozipenda mimi. Mtindo wake ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1890 na mkutubi mwanamke aitwaye Nina Browne, ukatawala maktaba za umma za Uingereza kwa miongo mingi, kisha ukafika na kwetu. Kama hukuwahi kuuona, unafanya kazi hivi.

Msomaji anapewa vibahasha vichache vya karatasi ngumu, tuseme vitatu, vyenye jina lake na anwani yake. Kila kitabu nacho kina kadi yake ndogo, imekaa kwenye mfuko uliobandikwa ndani ya jalada. Ukitaka kuazima, mkutubi anaichomoa kadi ya kitabu, anaitumbukiza ndani ya kibahasha chako, na anaviweka vyote viwili pamoja kwenye trei, nyuma ya tarehe ya kurudisha. Halafu anagonga muhuri wa tarehe kwenye karatasi iliyo ndani ya kitabu. Basi, nenda zako.

Siku ya kurudisha, mkutubi anaangalia tarehe iliyogongwa, anakwenda kwenye trei, anatafuta ile jozi na kuitenganisha. Kadi ya kitabu inarudi kitabuni na kibahasha kinarudi mkononi mwako. Hapo imekwisha. Hakuna karatasi yoyote duniani inayosema wewe na kile kitabu mliwahi kukutana. Karatasi ya mihuri inaonyesha kwamba mtu fulani alikuwa nacho hadi tarehe fulani, lakini jina halimo.

Hebu tuuandike kama hifadhidata. Trei ni jedwali moja. Kuazima ni kuongeza mstari wenye msomaji, kitabu na tarehe. Kurudisha ni kuufuta ule mstari. Jedwali linajibu swali moja tu: kitabu hiki kiko kwa nani sasa hivi? Ukiliuliza mtu huyu alisoma nini mwaka jana, halina la kukujibu, hata ukija na polisi na barua ya hakimu.

Niseme ukweli, mtindo huu haukubuniwa kwa ajili ya faragha. Ulibuniwa kwa ajili ya wepesi, maana mkutubi hakulazimika kuandika jina la mtu kila mara. Na vibahasha vitatu vilikuwa pia njia rahisi ya kuhesabu: vikiisha mkononi, huwezi kuazima tena mpaka urudishe. Hakuna mtu aliyehitaji kukagua chochote. Kusahau kulikuja kama nyongeza ya bure.

Ilikuwapo mitindo mingine ambayo haikusahau. Kuna ule uliopewa jina la mji wa Newark, Marekani, ambao jina au namba ya kila mwazimaji iliandikwa kwenye kadi ya kitabu chenyewe, mmoja chini ya mwingine. Ukikichukua kitabu unawaona wote waliokutangulia. Na kuna daftari, rafiki wa shule nyingi za kwetu: tarehe, jina, kidato, kitabu, sahihi. Daftari likijaa linawekwa kabatini, linanunuliwa jingine. Miaka kumi baadaye bado liko pale, na panya wakilihurumia mtu anaweza kulifungua na kusoma.

Sasa utaniuliza, kuna ubaya gani? Kitabu ni kitabu. Nani atajali kwamba mtoto wa fulani aliazima hadithi?

Kwa msomaji wa Bungoma swali hilo lina jibu la damu. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, kundi la Elijah Masinde wa Kimilili, na watu 11 wakauawa. Mwaka huohuo dini hiyo ikapigwa marufuku. Masinde aliwekwa mbali na kwao kwa miaka, akarudi karibu na uhuru, na mwaka 1968 serikali huru ya Kenya nayo ikaipiga marufuku tena. Hebu jiweke wewe katika miaka ile. Jina lako kuwa kwenye orodha, ya waimbaji, ya waliohudhuria, ya waliotoa sadaka, lilikuwa jambo la kukupeleka jela. Orodha haikuhitaji kuandikwa na adui. Ilitosha iandikwe na mtu mwema, kisha iangukie mikono mingine.

Vitabu navyo vilikuwa na siku zao. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya ilimpa waziri uwezo wa kutangaza chapisho kuwa marufuku, na kuwa nalo tu likawa kosa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977 polisi walipomchukua Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake Limuru, walipekua rafu zake na kuondoka na vitabu. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa msako wa Mwakenya, watu walifungwa kwa kukutwa na karatasi za kusoma. Riwaya ya Ngũgĩ ya Matigari, iliyotoka kwa Kikuyu mwaka 1986, iliondolewa madukani mwaka uliofuata.

Nilipokuwa nayatafakari hayo, nilijiuliza: kama afisa wa usalama angeingia katika maktaba ya umma mwaka 1986 na kusema nipe majina ya wote waliosoma kitabu hiki miaka mitano iliyopita, angepata nini? Penye trei, angepata jina moja, la aliye nacho siku hiyo, au asipate kabisa kama kitabu kiko rafuni. Mkutubi asingelazimika kuwa shujaa, kwa kuwa alichoombwa hakikuwapo. Penye daftari, angepata kila kitu, na mkutubi angebaki na uchaguzi mgumu kati ya kazi yake na dhamiri yake.

Mambo haya hayakutokea Afrika peke yake. Wakutubi wa Marekani walitia suala la siri ya wasomaji katika kanuni zao za maadili mwaka 1939. Hata hivyo mwaka 1970, mjini Milwaukee, maafisa wa idara ya kodi walifika maktabani wakitaka kuona rekodi za walioazima vitabu vya baruti. Mkutubi alikataa kwanza, lakini mwanasheria wa mji akaamua wafunguliwe. Kanuni nzuri ilikuwapo, na rekodi ilikuwapo. Ikashinda rekodi.

Tufike sasa kwenye zama zetu. Mwaka 1999, huko New Zealand, kampuni ndogo ya Katipo iliandika programu ya maktaba kwa ajili ya wilaya ya Horowhenua. Ilianza kutumika Januari 2000 na ikatolewa bure pamoja na msimbo wake. Jina lake ni Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli ni zawadi. Maktaba nyingi za vyuo nchini Kenya zinaitumia, kwani haina leseni ya kulipia na yeyote anaweza kuufungua msimbo na kuusoma. Mimi ni mpenzi wa programu huria, nanyi mnalijua hilo, kwa hiyo msione kama naisema vibaya.

Ukiifungua hifadhidata ya Koha utakuta majedwali mawili. Moja linaitwa issues, nalo linaweka vitabu vilivyo nje kwa sasa. Hilo ndilo trei yetu. La pili linaitwa old_issues. Kitabu kikirudishwa, mstari wake hutolewa kwenye jedwali la kwanza na kuhamishiwa la pili. Umeona tofauti? Nina Browne aliufuta mstari. Sisi tunauhamisha. Usipogusa mipangilio, namba ya mwazimaji inaweza kukaa mle miaka na miaka, karibu na namba ya kitabu.

Hii si hila ya mtu. Waliounda Koha wamekuwekea na dawa yake. Msomaji anaweza kuruhusiwa kuchagua kumbukumbu yake ihifadhiwe daima, kwa muda, au isihifadhiwe kabisa. Kuna na programu ndogo ya usiku inayopita kwenye old_issues na kuondoa utambulisho wa mtu kwenye mistari iliyozidi siku fulani, huku tarehe na kitabu vikibaki kwa ajili ya takwimu. Shida ni kwamba dawa iko kabatini, na wanaoisimika programu wengi huridhika skrini ikiwaka na kitabu kikitoka.

Miaka michache iliyopita niliitwa na shule moja upande wa Bungoma kuhamisha rekodi za maktaba kutoka madaftari kwenda Koha. Jioni moja mwalimu mmoja alinijia na ombi. Alitaka orodha ya wasichana waliowahi kuazima kitabu kimoja cha afya ya uzazi, ili awaite na kuongea nao. Nia yake haikuwa mbaya, kwani mimba za wanafunzi zilikuwa zikimnyima usingizi. Na kazi yenyewe kwangu ilikuwa mistari mitatu na chini ya sekunde moja. Katika daftari angekaa siku nzima akipekua.

Mkutubi, mama mtu mzima aliyekuwa akipanga vitabu pembeni, alisema bila kugeuka: "Mwalimu, ukiwaita hao, hicho kitabu hakitatoka tena hapo rafuni. Na wanaokihitaji ni haohao."

Mwalimu alinyamaza, kisha akacheka kidogo. "Mama, umenifunga mdomo," akasema. Badala ya orodha akanunua nakala mbili zaidi. Nami kabla ya kuondoka nikauliza uongozi wa shule mstari ukae siku ngapi kabla ya jina kufutwa, tukakubaliana muhula mmoja, na nikaiwasha ile programu ya usiku.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu kinaonyesha lililobadilika. Zamani uvivu wa karatasi ulitulinda. Orodha ilikuwa kazi, na kazi huwafanya watu wafikiri mara mbili. Kompyuta imeuondoa uvivu huo, kwa hiyo ulinzi lazima sasa uandikwe kwa makusudi.

Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakwenda mbali zaidi: data zikusanywe kwa lengo lililotajwa, zisizidi kinachohitajika, na zisikae kupita muda unaofaa kwa lengo hilo. Inamlazimu anayeunda mtambo kuweka ulinzi ndani yake tangu mwanzo, na inaweka masharti zaidi kwa data za watoto. Tena Katiba hiyohiyo imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo Bungoma na Trans Nzoia zina sauti katika jambo hili. Kwa lugha yetu ya trei: lengo la kuandika jina ni kitabu kirudi. Kikirudi, lengo limekwisha. Jina linabaki la nini?

Nawajua wakutubi, na najua watakachosema. Kitabu kinaweza kurudi na kurasa zimechanwa na uharibifu ugunduliwe wiki mbili baadaye. Ni kweli. Koha ina mpangilio wa kumkumbuka mwazimaji wa mwisho peke yake, na akirudisha mwingine, yule wa kwanza anasahaulika. Watasema wafadhili wanataka takwimu. Takwimu hazihitaji majina: ukijua kitabu kimetoka mara 40 mwaka huu, unajua kinapendwa. Watasema pia kwamba wasomaji wengine hufurahia kuona walichosoma zamani. Wapewe hao wanaotaka, kwa hiari yao.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda maktabani kwenu, iwe Kitale, Bungoma, Kimilili au Webuye, salimia vizuri kisha uliza mambo matatu. Nikirudisha kitabu, jina langu linakaa siku ngapi? Ni nani anaweza kuiona orodha yangu? Na akija mtu mwenye cheo akiitaka, kanuni yenu iliyoandikwa inasema nini? Usikasirike wakikosa jibu, maana huenda hakuna aliyewahi kuwauliza. Waachie swali, urudi wiki ijayo.

Na kama wewe ndiwe unayesimika mtambo huo, fungua jedwali la old_issues leo jioni, hesabu mistari yenye majina, kisha angalia tarehe ya ule wa zamani kuliko yote.